Kimya cha Reli Si Amani

Waulize waliokulia kando ya reli, iwe Buguruni na Tabata Relini jijini Dar es Salaam, iwe Morogoro, Dodoma au Tabora, ni sauti gani iliyowalaza utotoni. Wengi watakujibu kwa neno moja: treni. Watakueleza honi ya usiku wa manane iliyotokea mbali, mngurumo uliokua polepole, mdundo wa magurudumu juu ya maungio ya reli, kisha kufifia hadi mbwa wa jirani akasikika tena. Watakueleza hayo wakitabasamu, na wataongeza kwamba mgeni aliyelala kwao alikurupuka akidhani nyumba inaanguka, ilhali wenyeji hawakugeuka hata ubavu.

Sina ugomvi na tabasamu hilo. Ugomvi wangu ni na kazi tunayolipa. Tumeichukua sauti ya treni ya usiku tukaiweka katika kabati la kumbukumbu, pamoja na redio za mbao na taa za chemli, tukawa tunaitoa mara mojamoja kuisifu na kuirudisha. Wakati huohuo ziko sehemu za nchi hii ambako tuta la reli lipo, mataruma yapo, stesheni ipo, na sauti haipo. Mji wa Singida ni mmojawapo. Ninachodai katika makala haya ni kwamba faraja ya sauti ile ni suala la siasa kabla ya kuwa suala la hisia. Mwananchi aliyenyimwa treni amenyimwa pia utulivu fulani wa usiku, ambao wenzake huupata bila hata kujiuliza unatoka wapi.

Kwa nini sauti ile hutuliza

Tuanze na maumbile. Usiku ardhi hupoa upesi, nayo huipoza hewa iliyoigusa. Hewa baridi ikitanda chini na ya joto ikabaki juu yake, sauti ambayo mchana ingepotelea angani hupinda na kurejea chini. Ndiyo maana honi ambayo adhuhuri haivuki soko, usiku huvuka vilima. Katika uwanda wa juu wa Singida, penye anga jeupe na baridi ya Juni na Julai, jambo hili huonekana wazi. Mdundo nao una sababu yake. Reli ya zamani iliyoungwa kwa vipande huachiwa mwanya mdogo kati ya kipande na kipande, ili chuma kipate pa kutanukia jua likiwaka. Kila gurudumu linapovuka mwanya huo hugonga, na kwa kuwa vipande hulingana urefu, ugongaji huo huwa na mahadhi yasiyobadilika. Honi, kwa upande wake, ni onyo: dereva huipiga anapokaribia mahali ambapo njia ya watu, mifugo au magari inakatiza reli.

Lakini maumbile peke yake hayaelezi faraja. Jenereta nayo ina mahadhi, na mashine ya kusaga ina mahadhi, ila sijasikia mtu akisema jenereta ndiyo iliyomlea. Tofauti iko katika maana. Treni ya usiku humwambia aliyelala kwamba wako watu walio macho kwa ajili yake: dereva na msaidizi wake, mkuu wa stesheni, wafanyakazi wa gengi waliokagua njia mchana. Humwambia kwamba daraja halijachukuliwa na maji, kwa sababu lingekuwa limechukuliwa treni isingepita. Humwambia kwamba kesho mjini kutakuwa na saruji, chumvi, mafuta na pengine ndugu aliyeahidi kuja. Mtoto hayaelewi hayo kwa maneno. Anayaelewa kwa ratiba. Kitu kinachokuja usiku, kikafanya kazi yake na kuondoka bila kudai kushangiliwa, ndiyo sura ya kwanza ya utumishi wa umma ambayo mtoto huyo ataijua. Serikali atakayoisoma baadaye katika somo la uraia, alikwisha kuisikia akiwa kitandani.

Na sauti hiyo haikuletwa na upepo. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilijengwa kwa jasho la maelfu ya Waafrika, kwa lengo la kuhudumia koloni na si wao. Hata hivyo, waliofanya kazi juu yake walijifunza mapema kwamba aliyeushika mdundo huo ameushika uchumi. Septemba 1947, wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ulipanda reli na kuenea bara. Kimya cha reli siku zile kilikuwa silaha ya mnyonge, na mtawala alikisikia vizuri. Kimya cha leo mjini Singida hakikuamuliwa na mfanyakazi yeyote, na hakuna mtawala anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Mkoa mmoja, usiku wa namna mbili

Tazama ramani. Reli ya Kati inaingia mkoani Singida kutoka upande wa Dodoma, katika Wilaya ya Manyoni. Inapita Makutupora na Kintinku katika bonde, inafika Saranda chini ya kingo za Bonde la Ufa, kisha inaanza kupanda. Yeyote aliyewahi kulala maeneo hayo anaijua sauti ya treni ya mizigo ikipanda kuelekea Manyoni: injini inaguna kwa muda mrefu, mwendo unapungua, na mtu aliye kitandani hujikuta anaisukuma kwa moyo. Ikishafika juu hupumua. Kutoka Manyoni inashika njia ya magharibi kupitia Aghondi na Itigi, katikati ya vichaka vizito vya Itigi vinavyojulikana na wataalamu wa mimea duniani kote, na kutokomea kuelekea Tabora.

Reli hii iliwahi kuamua nani awe mji na nani abaki kijiji. Kilimatinde, iliyokaa juu ya kingo hizo na kuwa na boma la Wajerumani, ilipitwa na reli. Manyoni ikapata stesheni, na hatimaye ikapata makao ya wilaya. Huo ndio uzito wa uamuzi wa wapi pawe na njia ya treni. Kizazi kimoja huchora mstari, vizazi vitatu huishi na matokeo yake.

Sasa geuza macho kaskazini, kwenye makao makuu ya mkoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, ambayo leo iko Wilaya ya Mkalama. Katika miaka ya 1940 wakaling'oa. Kwao hesabu ilikuwa rahisi: tawi lisiloijaza hazina ya mkoloni halikuwa na sababu ya kuwepo, na watu waliokuwa wamekwisha kulizoea hawakuwa sehemu ya hesabu. Ilichukua uhuru, kuvunjika kwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki na kuundwa kwa Shirika la Reli Tanzania mwaka 1977, hadi miaka ya 1980, kwa Singida kuunganishwa tena na Manyoni kwa njia ya takribani kilomita 115. Nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya kiuchumi. Maduka yalikuwa matupu, sabuni ilikuwa ya foleni. Katika dhiki hiyohiyo taifa liliona kwamba mkulima wa Singida anastahili reli.

Leo taifa hilo lina uwezo mkubwa kuliko lilivyokuwa wakati ule, lakini treni ya abiria ya kila siku inayoingia mjini Singida haipo. Wako vijana waliomaliza kidato cha sita mjini humo wakiwa hawajawahi kuamshwa, wala kulazwa, na treni. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuiimarisha reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, na kazi ikafanyika. Manyoni na Itigi, kwa kuwa ziko juu ya njia kuu, zilifaidika. Tawi la Singida halikuwamo katika mstari huo. Mkoa mmoja, watu wa asili moja, alizeti ileile, vitunguu vilevile, na usiku wa namna mbili.

Kinachosikika mahali pa treni

Kimya cha reli hakikuuacha mji kimya. Singida iko kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda Nzega, na kutoka huko Mwanza na mpaka wa Rwanda. Usiku wote malori yanapita: ya mafuta, ya makasha, ya saruji. Tangu mwaka 2023, mabasi nayo yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi, yameongeza ngurumo yake. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba sauti hizi hazina mahadhi. Lori moja linapita peke yake, jingine linafuata baada ya dakika tatu au arobaini, linapiga breki ghafla, linapiga honi kumkemea mwenye bodaboda. Hakuna ratiba ya kuizoea. Kila lori ni biashara ya mtu mmoja inayokimbizana na biashara ya mtu mwingine, na dereva wake, ambaye pengine hajalala tangu jana, anabeba peke yake hatari ambayo katika treni hubebwa na mfumo mzima.

Piga hesabu ndogo. Tuchukulie behewa moja linabeba tani 40, na treni ya kawaida ina mabehewa 20. Hizo ni tani 800. Lori likibeba tani 30, tunahitaji malori 27 kufanya kazi hiyo: madereva 27, injini 27, usingizi 27 unaopiganiwa usukani katika mteremko wa Sekenke. Lami inayobonyea chini ya magurudumu hayo inatengenezwa kwa kodi ya mama muuza kuku ambaye hana gari. Tunapoambiwa reli ni ghali, tuulize pia nani anayelipa gharama ya kutokuwa nayo, na ni akaunti gani inayoandika vilema na mayatima wa barabarani.

Hoja nne zinazojibika

Wako watakaosema kwamba ninatetea kelele. Watasema treni ya kisasa haigongi wala haingurumi. Reli ya kiwango cha kimataifa inatumia umeme, chuma chake kimeunganishwa kwa kuchomelewa, njia yake imezungushiwa uzio. Ni kweli, na ninaifurahia. Safari za abiria kwa reli hiyo zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi uliofuata, na kipande cha ujenzi kutoka Morogoro kinaishia Makutupora, yaani ndani ya mkoa wa Singida. Lakini hoja yangu haitegemei mgongano wa chuma. Mtoto anaweza kutulizwa na mlio mwembamba wa treni ya umeme kama babu yake alivyotulizwa na mvuke, mradi treni ije. Isitoshe, njia mpya nayo inafuata mstari wa Manyoni na Itigi kwenda Tabora. Kwa mkazi wa Singida mjini, reli mpya iko mbali sawasawa na ile ya zamani.

Wengine watasema tawi hili halilipi. Hoja hii nimekwisha kuieleza ilikotoka: ndiyo hoja ya utawala ulioing'oa reli ya Kinyangiri. Inashangaza kuisikia ikitamkwa kwa Kiswahili fasaha katika ofisi zetu wenyewe. Shule ya kata hailipi. Zahanati hailipi. Taa ya barabarani hailipi. Hatuvizimi, kwa sababu tunajua faida yake inaingia mifukoni mwa watu na si katika daftari la kituo. Tena tawi lisilo na ratiba haliwezi kulipa kamwe: mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti hawezi kuusubiri usafiri asioujua utakuja lini, kwa hiyo anakodi lori, kisha anaambiwa reli imekosa wateja. Kwanza unamnyima mtu maji, halafu unaandika ripoti kwamba hana kiu.

Kundi la tatu litasema reli ni urithi wa mkoloni, na kuipenda sauti yake ni kupenda minyororo. Wanafunzi wangu wapenda nadharia huipenda hoja hii. Nawajibu kwamba tawi la Singida tulilonalo halikujengwa na mkoloni. Yeye alijenga la kwake akaling'oa. Hili tulilijenga wenyewe tukiwa maskini. Kuliacha life ndiko kukamilisha kazi yake.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nami siipuuzi. Itasemwa kwamba ninaipamba treni na kusahau inavyoua. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma bila breki na kugongana na treni ya mizigo. Zaidi ya watu 280 walikufa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Wako pia wakazi wa kando ya reli waliorudi kazini wakakuta alama nyekundu ya X ukutani, kwa kuwa nyumba yao imeambiwa iko ndani ya hifadhi ya reli. Kwa watu hao sauti ya treni haina utamu wowote, na mtu mwenye adabu hawezi kuwasomea mashairi ya mdundo wa magurudumu.

Lakini wafu wa Igandu wanatufundisha nini? Breki hazifi zenyewe. Hufa pale matengenezo yanapoahirishwa mwaka hadi mwaka, na daraja huenda na maji pale kingo zisipolindwa. Wanatudai reli iliyotunzwa. Faraja ninayoitetea ina sharti: aliyelala awe na sababu ya kuamini kwamba aliye macho anafanya kazi yake. Bila sharti hilo mdundo ni udanganyifu, na heri ya mgeni anayekurupuka kuliko mwenyeji aliyezoea.

Tudai nini

Kusifu sauti ya zamani ni rahisi na hakumkeri mtu. Kudai sauti ya usiku wa leo kunahitaji majina ya ofisi na tarehe. Nayataja mambo matatu.

La kwanza ni taarifa. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Wanaharakati wa Singida waitumie kuliomba Shirika la Reli na wizara inayosimamia uchukuzi taarifa ya hali ya tawi hili kilomita kwa kilomita: mataruma mangapi yamekufa, madaraja yapi yanahitaji kazi, gharama ni kiasi gani, na uamuzi wa kuliacha au kulifufua umefanywa na nani, lini. Jambo ambalo halijaandikwa popote haliwezi kupingwa wala kuungwa mkono, na ndiyo maana mambo mengi hupendwa kuachwa bila kuandikwa.

La pili ni ulinzi wa njia yenyewe. Reli isiyopitiwa huliwa: chuma huibwa kikauzwa kwa uzito, tuta huwa shamba, hifadhi hugawiwa viwanja. Kisha siku ya kufufua ikifika, maskini aliyeuziwa kiwanja na mjanja ndiye hubomolewa. Mtumishi wa ardhi na wa halmashauri anayeyasoma haya ajue kwamba saini yake ya leo ndiyo X nyekundu ya kesho. Aikatae sasa, kwa huruma.

La tatu ni treni. Siombi miujiza. Tuanze na treni mchanganyiko, ya abiria na mizigo, siku chache kwa wiki, iliyopangwa ipokee abiria wa njia kuu pale Manyoni, na inayofuata ratiba hata kama behewa moja liko tupu. Mwezi wa kwanza itabeba wachache. Mwezi wa sita mfanyabiashara ataanza kuiamini. Mwaka wa pili mtoto mmoja karibu na stesheni ya Singida ataacha kushtuka ikipiga honi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo haujatokea Singida kwa sababu wenye haki ya kuupiga wamefundishwa kuona kimya kama hali ya hewa, kitu cha kuvumiliwa. Wabunge wa mkoa huu watasimama tena katika bunge la bajeti, na watataja barabara, kwa kuwa barabara hutajwa kila mwaka. Wanafunzi, andikeni. Wanaharakati, ombeni nyaraka. Watumishi wa umma mlio katika vikao ambavyo sisi hatuingii, kila mtu atakaposifu kasi ya reli mpya, inueni mkono na muulize swali ambalo babu yenu pale Kintinku angeweza kulijibu bila saa: treni ya Singida inapita saa ngapi?